Nipe Mji

Msomaji wa riwaya za upelelezi ana kituko chake. Ananunua kitabu ili amjue muuaji, anakesha akimsaka, anamshuku mjomba, anamshuku mpishi, anamshuku hata marehemu mwenyewe. Halafu akifanikiwa kumjua kabla mpelelezi hajamtaja, ananuna. "Kitabu chepesi hiki," atasema, "nilishamjua tangu katikati." Hasemi hivyo kwa majivuno. Analalamika, anajiona kama aliyepunjwa. Lakini akipigwa chenga hadi ukurasa wa mwisho, akakuta muuaji ni yule aliyekuwa akimwonea huruma, atacheka peke yake kama mwehu, atarudi nyuma kutafuta ni wapi alipozubaishwa, na kesho yake atamng'ang'ania mwenzake kazini akisome kitabu hicho. Ni raha ya namna gani hii, ambayo ushindi unaitia shubiri na kushindwa kunaikoleza?

Jibu lililozoeleka, na ambalo walimu hupenda kulitoa wanapotaka kuzitetea riwaya hizi mbele ya wakubwa, ni kwamba zinanoa akili. Sidhani. Anayetaka kunoa akili atajipima kwa alichokipata, na kadiri anavyopata mapema ndivyo anavyofurahi. Msomaji wetu yuko kinyume chake. Karibu zaidi na ukweli ni desturi ambayo sote tumelelewa nayo. Mtu anasema "Kitendawili!", wenzake wanamjibu "Tega!", anatega. Wakishindwa, anawaambia: "Nipeni mji." Wanampa Mombasa, au Tabora, au Kigoma, na yeye hajibu upesi. Kwanza anakwenda huko mjini alikopewa, anakula, anakunywa, anajisifu alivyopokewa, na wote wanamsubiri huku roho zikiwatoka. Ndipo anapofungua. Mji ule si faini. Wanaoutoa wanautoa kwa kicheko, na ule muda wa kusubiri, wakiwa wamekwisha kukubali kwamba wameshindwa, ndio mtamu kuliko wote. Sura ya mwisho ya riwaya ya upelelezi imejengwa hivyo hivyo: mpelelezi anawakusanya watu sebuleni, anajua, nasi tunajua kwamba anajua, naye anazunguka kurasa ishirini kabla ya kunyoosha kidole.

Ila kushindwa huko kuna masharti. Jibu la kitendawili likitolewa na lisiingiane na fumbo, waliotoa mji wataudai mji wao, na watakuwa na haki. Katika riwaya masharti haya yaliwahi hata kuandikwa. Mwaka 1929 Ronald Knox, Mwingereza aliyekuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitunga amri kumi za fani hiyo, na mwaka uliofuata waandishi wa London wakaanzisha chama chao, rais wake wa kwanza akiwa G. K. Chesterton, aliyemuumba mpelelezi Father Brown. Baadhi ya amri za Knox ni za utani. Chumba cha siri, kwa mfano, kisizidi kimoja. Amri inayonivutia ni ile inayopiga marufuku nguvu zisizo za kawaida: hakuna mzuka, hakuna uchawi, hakuna muujiza. Na Knox alikuwa padri wa Kikatoliki. Mtu aliyekula kiapo cha maisha yake yote kwa ajili ya miujiza anaifukuza riwayani, wala hafanyi hivyo kwa sababu haiamini. Anaifukuza kwa sababu muujiza haukisiki. Msomaji hawezi kushindwa kihalali na kitu ambacho hakupewa nafasi ya kukishuku.

Kwetu suala hilo lilipata uzito ambao Knox hakuuwaza. Katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 ushindi ulikwenda kwa Mzanzibari Muhammed Said Abdulla, na riwaya yake ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa penye mzimu. Watu wa pale hawahitaji mpelelezi, maana jibu wanalo tayari: mahali penyewe pana wenyewe, na wenyewe wamekasirika. Bwana Msa anafika na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, na mtuhumiwa wa kwanza anayepaswa kumhoji ni jibu hilo. Kila aliyeandika juu ya Abdulla amesema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevuka bahari, na ni kweli, kiko kinamsuta. Lakini Holmes akifika mahali anakuta watu hawajui. Bwana Msa anakuta watu wanajua kupita kiasi. Kazi yake ni kuwanyang'anya jibu kabla ya kuwapa lingine, na hiyo ni kazi ngumu zaidi, tena yenye falsafa zaidi.

Wapo waliokifanya kitabu hicho kuwa hotuba dhidi ya ushirikina. Mimi naona kinafanya jambo la hila zaidi. Msomaji anaweza kuwa mtu asiyethubutu kupita chini ya mbuyu fulani baada ya magharibi, na bado akashika Mzimu wa Watu wa Kale na kudai kwa nguvu zote kwamba muuaji awe na mikono. Hapati mgongano wowote. Ndivyo ilivyokuwa kwa padri Knox. Riwaya ya upelelezi haitutaki tuache imani zetu. Inataka tuziache nje kwa muda, pamoja na viatu. Abdulla mwenyewe, kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti mwaka 1948, alifanya kazi kama miaka kumi katika idara ya afya ya Zanzibar. Huenda natia chumvi, lakini nashawishika kuona mkono wa bwana afya katika Bwana Msa: mtu mwenye ruhusa ya kuingia uani, kuchungulia mtungini, na kuuliza maswali ambayo mgeni mwingine angetimuliwa kwa kuyauliza.

Ruhusa hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye jambo ambalo wananadharia wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kuliona. Katika Suratul Hujurat Waislamu wamekatazwa dhana mbaya, na wamekatazwa kupelelezana. Mwambao wa Waswahili umeishi na katazo hilo kwa karne nyingi, hata likawa adabu ya mtaa mzima, ya Mwislamu na asiye Mwislamu. Mtu anasitiriwa. Ukisikia kelele nyumba ya pili, unapandisha sauti ya redio. Mke wa jirani akirudi kwao, huulizi kwa nini, unauliza hali. Bila shaka tunayajua yote, maana umbea haujawahi kufa njaa, ila tunayajua kwa kujifanya hatuyajui. Riwaya ya Bwana Msa inamchukua msomaji aliyelelewa hivyo na kumwambia: leo shuku. Shuku wazee. Shuku mwenye tasbihi. Sikiliza mlangoni. Kule London msomaji anapewa fumbo; msomaji wa Unguja anapewa fumbo na likizo ya adabu. Wala si ajabu kwamba riwaya za Abdulla zilizofuata, kama Duniani Kuna Watu na Mke Mmoja Waume Watatu, zilizidi kuzama katika siri za nasaba na ndoa. Kwenye jamii ya sitara, kuua si siri kubwa kuliko zote. Siri kubwa ni nani mtoto wa nani.

Hapo tatizo linazidi kukaza. Dhana katika maisha ni adhabu kwa anayeibeba. Anayemshuku mwenzi wake halali. Anayemshuku mfanyakazi mwenzake anaharibikiwa na chakula. Iweje basi shaka ile ile, ikiwekwa ndani ya jalada la kitabu, igeuke starehe? Kusema "kwa sababu ni hadithi tu" hakutoshi. Hadithi ya huzuni ni hadithi tu na bado inaliza.

Fanya jaribio la mawazo. Chukua riwaya iliyopotea karatasi ya mwisho, kama zile unazoweza kuzikuta kwa wauza vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa zao kando ya njia. Hukujua. Umeisoma kwa usiku kadhaa, umeifurahia, umefika pale mpelelezi anapofumbua mdomo, na hakuna karatasi. Hasira itakayokupanda haitakuwa ya kukosa kurasa mbili tu. Itazirudia kurasa zote na kuzichachua. Utasema umepoteza muda. Lakini pilau uliyoila jana haiwezi kupoteza utamu wake leo kwa sababu mpishi amekunyima kahawa. Utamu wa kitabu hiki uliwezaje kufutwa baada ya kwisha kuonjwa? Naona jibu moja tu. Ulikuwa utamu wa mkopo. Ulikuwa ukifurahia ahadi, tangu ukurasa wa kwanza, kwamba yupo anayejua na kwamba atalipa. Ndani ya kitabu humwamini mtu yeyote, na unaweza kumudu kutomwamini yeyote kwa sababu nje ya kitabu yupo mmoja unayemwamini kabisa. Katika ndoa, kazini, mtaani, hakuna aliyekuahidi kwamba shaka yako itafika mwisho.

Ndiyo maana ugomvi mkubwa katika historia ya fani hii haukuhusu damu wala maadili. Ulihusu uaminifu. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa The Murder of Roger Ackroyd. Sitasema amefanya nini humo, maana yupo asiyekisoma na sitaki laana yake. Wapo wasomaji na wahakiki waliochachamaa kwamba wametapeliwa, kwamba mwandishi amevunja mkataba. Dorothy Sayers, naye mwandishi wa upelelezi, alimtetea: wajibu wa msomaji ni kumshuku kila mtu. Ukikirudia kitabu hicho ukiwa unajua, utaona Christie hakusema uongo hata mahali pamoja. Kila kitu alikiweka mezani. Kwa hukumu yangu alishinda kesi, lakini kelele zenyewe zinaonyesha mkataba ulipo. Hakuna aliyewahi kumlaumu muuaji wa riwayani kwa kudanganya.

Namna ahadi hiyo inavyolipwa inaonekana vizuri katika hadithi fupi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1892, ile ya farasi wa mashindano anayeitwa Silver Blaze. Mwenye kuogopa kuharibiwa uhondo aruke aya hii. Farasi ameibwa usiku katika banda lililoko Dartmoor, na mkufunzi wake amekutwa nyikani, kichwa kimepasuliwa. Mlinzi wa banda alilazwa usingizi kwa kasumba iliyotiwa katika mchuzi wa nyama ya kondoo. Unasoma habari ya mchuzi ule na kupita. Mchuzi wenyewe ulikuwa na bizari kali, na hilo nalo unalipita, kwa kuwa ni chakula tu. Bandani yupo mbwa pia, unamwona, unapita. Vijana wawili walikuwa wamelala darini, hawakusikia kitu; unapita. Kisha Holmes anamwelekeza inspekta kwenye jambo alilolifanya mbwa usiku ule, na jambo lenyewe ni kwamba mbwa hakufanya chochote. Mtu aliingia, akamtoa farasi, na mbwa hakubweka hata wale vijana waamke. Basi aliyeingia mbwa alimjua. Na aliyetia kasumba alihitaji chakula chenye kiungo cha kuficha ladha yake, kwa hiyo ni mtu mwenye sauti juu ya kinachopikwa nyumbani. Hakuna sentensi iliyobadilika. Mchuzi ni ule ule, mbwa ni yule yule, vijana wangali wamelala darini. Kilichokuwa pambo sasa ni ushahidi, na wewe uliyekuwa umekiona ndiwe uliyekipita. Kushindwa kwa namna hii hakumdhalilishi mtu, kwa sababu kunamhakikishia kwamba macho yake yalifanya kazi. Ni yeye aliyeyapuuza.

Mfaransa mwenye asili ya Bulgaria, Tzvetan Todorov, aliandika mwaka 1966 kwamba riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili: ya uhalifu, iliyokwisha kabla kitabu hakijaanza, na ya upelelezi, ambayo ndiyo tunayoisoma lakini yenyewe haina uzito. Sikubaliani naye kwamba haina uzito, ila hesabu yake ya hadithi mbili inasaidia kueleza jambo ambalo lingeweza kuniumbua. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha majaribio ambamo waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za mafumbo, wengine wakiwa wameambiwa mwisho mapema. Walioambiwa kwa jumla hawakupungukiwa na raha. Waliripoti hata kufurahia zaidi. Kama raha ingekuwa kutojua, matokeo hayo yangeizika hoja yote. Lakini kama raha ni kumwamini anayejua, basi aliyeambiwa mwisho amelipwa mapema tu, na sasa anaweza kukaa upande wa mtegaji, kuziona hadithi mbili zikienda sambamba na kufurahia jinsi mchuzi unavyopitishwa mbele ya macho ya watu. Watazamaji wa Athens walioitazama tamthilia ya Sofokle, ile ambayo Samuel Mushi aliipa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode, waliijua hekaya kabla ya kukaa. Walikwenda kumwona mpelelezi aliyeapa kumsaka muuaji, akimkaribia hatua kwa hatua, na muuaji ni yeye.

Hapa lazima niwatenge ndugu zetu wa mbio. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wamepakatwa na wasomaji wengi kuliko Bwana Msa, na mimi ni mmoja wao. Lakini tunawaweka rafu moja kwa uvivu. Gamba kwa kawaida anajua adui ni nani, nasi tunajua: ni makaburu na vibaraka wao, na swali ni kama atawahi. Hiyo ni taharuki ya miguu. Haina shaka ndani yake, kwa hiyo haihitaji ule uaminifu wa ajabu ninaouzungumzia. Faraji Katalambula katika Simu ya Kifo, ya mwaka 1965, yuko katikati: Inspekta Wingo wake anahangaika Dar es Salaam ya taksi na simu za mezani, na humo bado tunaulizwa nani.

Jambo jingine linaloonyesha kwamba mkataba huu si wa msomaji na mwandishi peke yao ni tamthilia ya Christie, The Mousetrap. Ilianza kuonyeshwa London tarehe 25 Novemba 1952, haikusimama mpaka korona ilipofunga majumba Machi 2020, na mwaka uliofuata ikarudi. Kila inapokwisha watazamaji wanaombwa wasimtaje muuaji kwa walioko nje. Ombi hilo halina polisi nyuma yake. Leo jibu linapatikana kwa kubonyeza simu, na bado watu wanaotoka pale, kwa vizazi vitatu sasa, wamekuwa wakifunga midomo mbele ya wageni wasiowajua. Wanaowapunja wenzao wapo, na hakuna anayewapenda. Watu waliokaa saa mbili gizani wakishukiana wanatoka nje wakiwa watunza siri.

Nani aliyehitaji zaidi ulimwengu wa aina hiyo, ambamo yupo anayejua? Sishangai kwamba mmoja wa waliouhitaji alikuwa Ludwig Wittgenstein. Mwanafalsafa huyu alikuwa ameandika, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1921, kwamba swali likiwezekana kuulizwa, jibu lake nalo linawezekana, na kwa maana hiyo fumbo halisi halipo. Baadaye aliitilia shaka sehemu kubwa ya kitabu hicho. Kitu ambacho hakukiacha ni majarida ya bei rahisi ya hadithi za upelelezi kutoka Marekani, ambayo mwanafunzi wake wa zamani, Norman Malcolm, alikuwa akimtumia kwa posta. Aliyathamini kuliko jarida la wanafalsafa wenzake, na alisema hivyo bila haya. Mwaka 1948, akiwa Ireland, alisoma kwa mara nyingine riwaya ya Norbert Davis, mwandishi ambaye wakubwa wa fasihi hawakuwa na habari naye, na akamwandikia Malcolm amtafutie habari zake. Hakutaka kumuuliza neno juu ya kitabu. Alitaka kumwandikia amshukuru.